FUNGU LA MTU MWENYE ULEMAVU: NANI ASHIKE SHILINGI?

Suala la watu wenye ulemavu limezoeleka kuzungumzwa nchini kwa lugha ya huruma. Hutajwa siku ya sherehe, baiskeli za magurudumu matatu zikagawiwa mbele ya wapiga picha, na kesho yake mazungumzo yakarudi kwenye mambo yanayoitwa makubwa: uzalishaji, mapato na mipango. Katika makala hii tunataka kulirudisha suala hilo mahali pake, yaani katika nadharia ya ujamaa na katika matumizi ya fedha za umma. Hoja yetu ni moja. Anayepanga matumizi ya shilingi iliyotengwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu ndiye anayetawala maisha ya mtu huyo. Kwa hiyo nani ashike shilingi hiyo ni swali la siasa kabla halijawa swali la uhasibu.

Tutaichambua hoja hiyo kwa kuutazama Mkoa wa Kigoma. Si kwamba Kigoma ina makosa kuliko mikoa mingine. Tumeichagua kwa sababu njia zote ambazo fedha ya umma hupita ikimtafuta mtu mwenye ulemavu zinaonekana hapo kwa pamoja: kituo cha hifadhi kule Kabanga, wilayani Kasulu, ruzuku inayolipwa kwa kaya, na mkopo wa halmashauri, ambao mwaka 2024 iliamuliwa katika Manispaa ya Kigoma Ujiji upitie benki. Na pembeni mwa yote hayo liko Ziwa Tanganyika, ambalo kwa watu wa mwambao ndilo linaloamua ni usiku upi una fedha na upi hauna.

MSINGI WA NADHARIA

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka msingi kwamba katika nchi ya kijamaa kila mwenye uwezo wa kufanya kazi anafanya kazi, na hakuna anayeishi kwa jasho la mwenzake. Lakini Azimio halikuishia hapo. Liliwataja wale wenye haki ya kutegemea jasho la wengine bila ya kuitwa wanyonyaji: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao dola kwa wakati fulani haiwezi kuwapatia kazi. Tulizingatie neno haki. Azimio halikusema kwamba watu hawa wahurumiwe. Lilisema wana haki.

Hata hivyo orodha hiyo imesomwa vibaya kwa namna mbili. Kwanza, kwa kuwa kilema ametajwa pamoja na mtoto mchanga na mzee wa kitandani, wapo waliodhani kwamba kila mwenye ulemavu hawezi kazi. Kumbe fundi viatu asiyetembea anazalisha, mkulima asiyesikia anazalisha, na mama asiyeona anayesuka mikeka anazalisha. Ni wafanyakazi na wakulima kama wengine, ila kazi yao ina gharama ambayo wenzao hawailipi. Pili, haki imegeuzwa sadaka. Na sadaka ina tabia moja ambayo haki haina: mtoaji ndiye anayechagua kiasi, siku, na namna ya kushukuriwa.

Dawa ya usomaji huo mbaya imo ndani ya maandiko ya Chama yenyewe. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 28, uliweka kipimo ambacho makada wengi wamekisahau. Ulieleza kwamba tendo linalowaongezea watu madaraka juu ya mambo yao ni tendo la maendeleo, hata kama halikuwaongezea mkate wala afya. Na tendo linalowapunguzia madaraka hayo si maendeleo, hata kama limewaletea mkate kidogo na afya kidogo. Kipimo hiki hakikuwekewa mipaka ya viungo. Hakikusema kinamhusu mwenye miguu miwili tu.

Tukiyaweka maandiko hayo mawili pamoja tunapata msimamo kamili. Azimio linampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusaidiwa na umma. Mwongozo unampa haki ya kuamua msaada huo utumikeje. Haki ya kwanza bila ya pili si ujamaa. Mifugo nayo hutunzwa, tena wakati mwingine hutunzwa vizuri sana, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba ng'ombe wa zizini wana madaraka.

MAJINA YAMEBADILIKA, FEDHA HAIKUBADILI NJIA

Historia ya suala hili tangu miaka ya 1980 inaonyesha jambo la kufundisha. Mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, ndio mwaka ilipozaliwa CHAWATA, Chama cha Walemavu Tanzania. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo ya walemavu. Mwaka 2004 ikatoka Sera ya Taifa. Mwaka 2009 nchi yetu ikaridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria Na. 9 ya Watu Wenye Ulemavu, iliyoweka Mfuko wa Taifa na kamati zinazoshuka hadi kwenye kijiji na mtaa.

Katika safari hiyo kilema akawa mlemavu, na mlemavu akawa mtu mwenye ulemavu. Mabadiliko hayo ya maneno si ya kubezwa. Neno lililoanza na ki-, kama kiti na kisu, lilimhesabu binadamu miongoni mwa vitu. Lakini sisi tunaofuata siasa ya ujamaa tunajua kwamba jina likibadilika na uchumi usibadilike, kilichobadilika ni adabu peke yake. Mtu aliitwa mtu, lakini fedha yake iliendelea kupita njia zile zile za zamani: ikaingia katika ukuta wa kituo, katika mkono wa mkuu wa kaya, au katika muhtasari wa kikundi. Tuzitazame njia hizo moja moja.

FEDHA INAYOISHIA UKUTANI

Baada ya wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lililoitikisa nchi yetu kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watoto wengi wenye ualbino walikusanywa katika shule na vituo ili walindwe. Kabanga, Kasulu, ilikuwa mojawapo ya mahali hapo, kama ilivyokuwa Buhangija kule Shinyanga. Hatuulaumu uamuzi wa kuwakinga watoto na panga. Nyumba inapoungua, wa kwanza kutolewa ni mtoto, na hakuna anayeuliza ametolewa kwa mlango gani.

Lakini moto ukishapungua, swali linarudi. Fedha inayomlinda mtoto huyu imefungwa wapi? Imefungwa katika kituo: katika chakula cha pamoja, ukuta, mlinzi na bweni. Siku mtoto anaporudi kwa wazazi wake kijijini, fedha haimfuati. Kule nyumbani anahitaji mafuta ya kukinga jua kila siku ya mwaka, kofia pana, miwani, kuketi karibu na ubao, na majirani waliohamasishwa kumlinda. Mahitaji hayo yote hayana fungu. Matokeo yake mzazi maskini analazimika kuchagua kati ya mtoto aliye mbali mwenye huduma na mtoto aliye karibu asiye na huduma. Huo si uchaguzi huru. Ni uchaguzi uliotengenezwa na namna bajeti ilivyoandikwa.

Hapa hapana budi tuongeze jambo ambalo wapenzi wa fedha taslimu husahau. Mafuta hayo ya kukinga jua hayaoti dukani kwa sababu mzazi ana shilingi mkononi. Yaliyo mengi dukani ni ya kutoka nje, na bei yake ni ya watalii. Hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa na kitengo kinachotengeneza mafuta hayo hapa nchini kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mfano huu unabeba somo zima. Fungu la mtu linampa uwezo wa kuchagua, lakini uzalishaji wa umma ndio unaofanya kiwepo cha kuchagua. Anayetenganisha mambo haya mawili anampa mtu ufunguo wa ghala tupu.

FEDHA INAYOISHIA KWA MKUU WA KAYA

Njia ya pili ni ruzuku ya kaya maskini inayotolewa kupitia TASAF. Mpango huu umezifikia kaya nyingi maskini, na hatuna haja ya kuupunguzia sifa. Lakini kipimo chake ni kaya. Katika nadharia yetu kaya ni mahali pa kugawana, lakini kada mkweli anajua kwamba ni mahali pa madaraka pia. Mwenye ulemavu aliyemo ndani ya kaya anaweza kuwa sababu mojawapo ya umaskini wa kaya hiyo kuonekana, kisha asiulizwe fedha ilipofika. Majirani zetu Wakenya, walioanza mwaka 2011 kutoa fedha kwa watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, nao waliipitisha kwa kaya, na mara nyingi mpokeaji ni mlezi. Kwa ulemavu mwingine ni lazima mlezi apokee. Lakini kufanya jambo la lazima kwa baadhi kuwa sheria kwa wote ni kuwafanya watu wazima watoto.

Tuilinganishe na hatua iliyochukuliwa Zanzibar. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70, kwa fedha za Serikali yenyewe. Mzee hakuulizwa kama alichangia mfuko, hakutakiwa kuunda kikundi, wala hakuambiwa arejeshe. Uzee wake ulitosha. Ingawa kiasi kilikuwa kidogo na baadaye kikaongezwa, msingi wake ulikuwa mkubwa: shilingi ya umma ilimfuata mtu kwa jina lake. Kama uzee unatosha kwa haki hiyo, ulemavu unakosa nini?

MTAJI UNAOLIWA NA ULEMAVU

Tufike kwenye njia ya tatu, ambayo ndiyo inayosifiwa zaidi na ndiyo inayohitaji uhakiki mkali zaidi. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa ili kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kanuni za mwaka 2019 zilidai vikundi. Marekebisho ya mwaka 2021 yakapunguza idadi ya wanakikundi na kumfungulia mlango hata mwenye ulemavu aliye peke yake.

Yapo mema matatu katika utaratibu huu. Fedha ni yetu wenyewe, haikuombwa kwa mfadhili. Ni sheria, si hisani ya mkurugenzi. Na haina riba, kwa hiyo umma haumnyonyi mnyonge wake. Huu ni ujenzi wa kujitegemea, na anayeubeza haelewi ulikotoka. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, na wapo wanaouliza kwa nini fungu lao ni asilimia 2. Swali ni halali, ingawa mwanamke au kijana mwenye ulemavu anaweza pia kuingia katika mafungu mengine. Lakini hata fungu hilo likizidishwa mara tano, kasoro ya msingi itabaki. Tuieleze.

Tumfikirie mama asiyetembea anayefanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Katonga. Tunamtoa kama mfano, lakini kila anayeujua mwalo atamtambua. Amepewa mkopo sawasawa na jirani yake anayetembea. Jirani huamka alfajiri, hushuka mchangani maboti yanapoingia, hununua, hubeba mwenyewe, huanika, hugeuza, huzoa mvua ikitishia, kisha hupeleka mzigo soko la Mwanga. Mama yetu anahitaji mtu wa kumsukuma, maana magurudumu huzama mchangani. Anahitaji kijana wa kumnunulia majini, ambaye atachukua chake. Anahitaji wa kuanika na kugeuza chini kwenye mchanga, mahali ambapo mkono wa aliyeketi kwenye kiti haufiki. Anahitaji pikipiki pale ambapo mwenzake anatumia miguu. Kila hatua ina mlipwaji. Fedha hizo zote anazitoa wapi? Anazitoa katika mtaji.

Hapo ndipo ilipo siri ya madeni mengi yanayoitwa sugu. Watu wawili wamepewa kiasi kimoja, lakini mmoja ameanza na mtaji na mwingine ameanza na mtaji uliokwisha kutozwa kodi na mwili wake. Mwisho wa muhula mmoja amerejesha na mwingine hakurejesha, na afisa anaandika kwamba watu wenye ulemavu hawakopesheki. La hasha! Kilichoshindwa kurejesha ni bajeti iliyochanganya mambo mawili yasiyochanganyika: mtaji wa biashara, ambao unaweza kukopwa, na gharama ya ulemavu, ambayo haikopwi. Hakuna biashara ya dagaa duniani inayoweza kulipa faida juu ya mguu.

Kosa hilo huzidishwa na kalenda. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huvua dagaa kwa taa katika usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka maboti hupumzika, na mwalo mzima hukauka fedha. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima kwa uhai wa ziwa. Lakini ratiba ya marejesho inayoandikwa bila ya kuitazama mbalamwezi wala kufungwa kwa ziwa ni ratiba ya mtu aliyeketi ofisini. Aliye na akiba atavuka. Mama yetu, ambaye akiba yake ilikwisha kwa msukuma kiti, atazama.

Mwezi Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima kufuatia taarifa za vikundi hewa na marejesho hafifu. Iliporejeshwa mwaka 2024, Manispaa ya Kigoma Ujiji ilitajwa miongoni mwa halmashauri 10 za kuanza na utaratibu wa benki. Tunaelewa sababu: wajanja walikuwa wameugeuza mfuko wa wanyonge kuwa shamba lao. Lakini tuseme wazi kwamba mwizi wa kikundi hewa hakuwa mama wa Katonga, na wakati wa kusimamishwa aliyekosa mtaji ni yeye. Na benki, hata ikiwa na nia njema, imeumbwa kuuliza swali moja: huyu atarejesha? Haikuumbwa kuuliza: huyu anaishije? Swali la pili ni la Chama. Chama kikiliacha, hakuna mwingine atakayeliuliza.

MAFUNZO YA NJE: KUCHUKUA NA KUKATAA

Wapo wasomi wetu wanaosema kwamba jawabu limekwisha kupatikana ng'ambo, nasi tulinakili. Katika nchi kadhaa za kibepari mtu mwenye ulemavu hupangiwa fungu lake binafsi, akalipwa yeye, naye akaajiri msaidizi anayemtaka. Kada hana budi kujua jambo hilo lilizaliwaje kabla ya kulisifu au kulilaani.

Lina mama wawili. Mama wa kwanza ni mapambano ya watu wenye ulemavu wenyewe. Huko Berkeley, Marekani, mwaka 1972, wanafunzi wenye ulemavu na wenzao walianzisha kituo cha maisha ya kujitegemea, wakikataa kuishi chini ya amri ya madaktari na wauguzi. Huko Sweden mapambano ya namna hiyo yalizaa sheria iliyoanza kazi mwaka 1994, inayompa mwenye ulemavu mkubwa haki ya msaidizi wake binafsi. Watu hawa hawakudai huruma. Walidai madaraka, na madai yao yanalingana kabisa na ibara ya 28 ya Mwongozo, ingawa hawakuisoma.

Mama wa pili ni soko. Uingereza ilipitisha sheria ya malipo ya moja kwa moja mwaka 1996, baada ya miaka mingi ya serikali ya kihafidhina iliyokuwa ikibinafsisha huduma za umma. Australia ilitunga sheria ya mpango wake mkubwa wa bima ya ulemavu mwaka 2013. Mpango huo umewapa wengi maisha ambayo hawakuyajua, lakini umezaa pia msitu wa makampuni yanayouza huduma, na gharama zimepanda hadi serikali yenyewe ikashtuka. Pale ambapo fungu la mtu ni mkondo wa kupeleka fedha ya umma kwa mwenye kampuni, mtu mwenye ulemavu anageuzwa mrija. Madaraka yake ni ya kuchagua nani amnyonye.

Hatuna haja ya kwenda mbali kuliona hilo. Ng'ambo ya ziwa letu iko Kongo, na katika mji mkuu wa nchi hiyo, Kinshasa, watu wenye ulemavu walipata tangu zama za Mobutu nafuu ya nauli na ushuru katika vivuko vya kwenda Brazzaville. Nafuu hiyo ilimfuata mtu, si kituo. Ikawafanya wengi kuwa wafanyabiashara wenye heshima na vyama vyao, baiskeli zao za magurudumu matatu zikijaa shehena. Lakini wafanyabiashara wakubwa nao waligundua kwamba mzigo ukipanda juu ya baiskeli ya kilema hulipiwa kidogo, wakawa wanapitisha mali yao kwa mgongo wake. Nafuu ni ile ile, nayo ilimwinua mtu na kumfanya daraja la wengine. Tofauti ilitegemea kama mwenye ulemavu ana mtaji na chama chake, au ana mwili wake tu wa kukodisha.

Basi tunachukua nini na tunakataa nini? Tunachukua kwa mama wa kwanza kanuni kwamba fungu liandikwe kwa jina la mtu na lipangwe naye. Tunakataa kwa mama wa pili kanuni kwamba huduma ziwe bidhaa. Msimamo wetu uwe huu: uamuzi ni wa mtu, huduma ni ya umma.

PINGAMIZI TATU

Pingamizi la kwanza linasema kwamba fungu la mtu mmoja mmoja ni ubinafsi, na mjamaa anafuata kikundi. Hili ni kosa la kuchanganya ushirika na mkusanyiko. Ushirika wa kweli ni wa watu wanaoungana kwa sababu kazi yao inawaunganisha. Kumkusanya asiyeona, asiyesikia na asiyetembea katika kikundi kimoja kwa sababu tu fomu inadai majina si ushirika, bali ni kuwafunga pamoja watu ambao kinachowaunganisha ni jinsi wengine wanavyowatazama. Mama wa Katonga ana haki ya kuwa mwanachama wa ushirika wa wachuuzi wa dagaa pamoja na jirani yake anayetembea. Fungu lake la gharama ndilo litakalomwezesha kuingia humo akiwa sawa na wengine.

Pingamizi la pili linasema kwamba wapo wasioweza kupanga, kama wenye ulemavu wa akili. Tunajibu kwamba asiyeweza kupanga peke yake anaweza kusaidiwa kupanga. Kwa dada asiyezungumza, anayejua analotaka ni yule aliyekaa naye na kumsikiliza miaka yote, si yule aliyemtembelea mara moja na daftari. Msaada wa kuamua usiwe kisingizio cha kunyang'anya uamuzi.

Pingamizi la tatu linasema fedha hakuna. Hili ndilo pingamizi la kweli, na tusilijibu kwa kelele. Nchi yetu si Sweden. Lakini hata sasa fedha fulani inatumika: katika vituo, katika mikopo isiyorudi, katika semina, katika sherehe. Swali si kutumia ambayo haipo. Ni nani anayepanga iliyopo. Fungu dogo linaloeleweka na lisilokatika lina nguvu kuliko mkopo mkubwa unaokuja mara moja na kuondoka na jina la mtu. Na Mfuko wa Taifa uliowekwa na Sheria ya mwaka 2010 upo kisheria. Kuupatia fedha ya uhakika ni suala la kupanga, na kupanga ni kuchagua.

KAZI YA KADA

Nadharia isiyokwenda mwaloni ni porojo. Tunapendekeza kazi nne kwa makada na wanafunzi.

Kwanza, kila kata iwe na vitabu viwili kwa kila mkopaji mwenye ulemavu. Kitabu kimoja kiandike mtaji, ambao ni mkopo na utarejeshwa. Kitabu cha pili kiandike gharama ya ulemavu kama anavyoitaja yeye mwenyewe: msukuma kiti, mkalimani wa lugha ya alama, mafuta ya ngozi, nauli ya ziada. Hata kabla fedha ya kitabu cha pili haijapatikana, kitaonyesha kwa tarakimu jambo ambalo hadi leo linasemwa kwa machozi. Na ratiba ya kitabu cha kwanza ifuate ziwa: giza na mbalamwezi, kufungwa na kufunguliwa.

Pili, kamati za watu wenye ulemavu za kijiji na mtaa, ambazo sheria imezitaja, zifufuliwe pale zilipolala, na zisomewe mapato na matumizi ya asilimia 2 hadharani, mbele ya mkutano wa wananchi. Kikundi hewa hakizaliwi mahali ambapo wananchi husomewa majina kwa sauti.

Tatu, mambo ambayo fungu la mtu haliwezi kuyanunua yajengwe na umma. Chanja za kuanikia dagaa zilizoinuliwa kufikia usawa wa mtu aliyeketi, katika mialo ya Katonga na Kibirizi, zitamfaa asiyetembea, zitamfaa mjamzito na mzee, na zitatoa dagaa wasio na mchanga wenye bei nzuri kwa wote. Njia ngumu ya zege kutoka barabarani hadi kwenye maboti ni hivyo hivyo. Karakana za VETA na SIDO mkoani ziweke fundi wa viti na baiskeli za magurudumu matatu, maana kiti cha msaada kilichovunjika ekseli ni chuma chakavu tu.

Nne, katika mijadala ya matawi na vyuo, kipimo cha ibara ya 28 kitumike kwa kila mradi wa watu wenye ulemavu. Tusiulize tu wangapi wamefikiwa. Tuulize: baada ya mradi huu, mtu huyu anaamua mambo mangapi ambayo jana yaliamuliwa na mwingine?

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Usemi huo kwa kawaida hutumika kutisha watu ili wahurumie. Sisi tuusome kwa macho ya siasa. Maana yake ni kwamba hakuna tabaka la wazima na tabaka la walemavu yaliyotenganishwa milele. Kuna umma mmoja, na kila mmoja wetu anaweza kesho kukihitaji kitabu cha pili. Katiba ya Chama Cha Mapinduzi ingali inataja Ujamaa na Kujitegemea. Kujitegemea kwa mtu mwenye ulemavu hakuna maana ya kuachwa afanye kila jambo peke yake, kwani hakuna binadamu anayefanya hivyo. Maana yake ni kuwa msaada anaouhitaji uko chini ya amri yake. Chama kilichozaliwa kupigania madaraka ya wanyonge hakina sababu ya kuogopa shilingi hiyo ikiwa mkononi mwa mwenyewe.